Subaru ya tabo inakata nikikanyaga: nifunge plagi za NGK, Denso au kopa za kawaida?

#1 Sato wa Nyegezi
Wakuu salama. Nina Forester SG5 ya tabo, injini EJ20, otomatiki, niliichukua kwa mtu mwaka jana ikiwa inakimbia vizuri tu. Wiki ya tatu hii nikipandisha Bugando hapa Mwanza au nikitaka kumpita mtu kule Usagara, arpiemu ikigusa elfu nne inakata trrr trrr kama kuna mtu amekushika shati kwa nyuma. Ukiachia mafuta inatulia. Mjini kwenye foleni hata hujui kama ina shida. Taa ya cheki injini inapepesa kidogo halafu inajizimia.

Plagi nimebadilisha mwezi uliopita tu. Niliingia duka moja mjini nikamwambia jamaa nataka plagi za iridiamu za Subaru, akanipa NGK BKR6EIX-11, nne, 35,000 kila moja. Zilizotoka zilikuwa Denso zimechoka kabisa. Sasa fundi wa kwanza anasema NGK haipatani na Subaru nirudi Denso, wa pili anasema iridiamu ni mbwembwe gari ya tabo inataka kopa, wa tatu anasema niuze gari. Nyie wenye hizi ndinga mnafunga nini?

#2 Altezza Mwendo Pole
Nakaa siti ya mbele kabisa. Na yangu imeanza hivyo hivyo.

#3 Kopa Daima
Weka kopa ulale. Mimi nina Chaser ya 1JZ tabo, busti (msukumo wa hewa ya tabo) nimepandisha, nafunga BKR7E gepu (nafasi ambayo cheche inaruka) nashusha mpaka 0.7, kila kilometa 15,000 nazitoa naweka mpya, hela ndogo tu. Hizo iridiamu zilitengenezwa kwa ajili ya mtu asiyetaka kufungua boneti mpaka afikishe kilometa laki. Kopa inapitisha umeme vizuri kuliko iridiamu, hiyo ni fizikia ya kidato cha pili.

#4 Fundi Boksa
Tusimpoteze kijana. Mkuu #1, soma tena namba ya plagi uliyopewa. Hiyo 11 ya mwisho ndiyo gepu, milimita 1.1. Hiyo plagi inakaa kwenye Subaru isiyo na tabo. EJ20 ya tabo kama yako ilitoka kiwandani na NGK PFR6G, platinamu, gepu 0.7 mpaka 0.8. Tabo ikishashindilia hewa ndani ya silinda cheche inapata kazi kubwa kuruka, na gepu likiwa pana inahitaji volteji nyingi zaidi, koili yenye miaka ishirini haina hiyo nguvu, basi cheche inashindwa kuruka au inapulizwa ikazimika. Ndiyo maana foleni ya Buzuruga huioni ila mlima unaiona. Muuzaji hakukudanganya, ulimwambia "ya Subaru" akakupa ya Subaru.

Halafu #3 na wewe. Hakuna plagi yenye ncha ya kopa. Ncha ni nikeli, kopa imekaa ndani kwenye moyo wa plagi kusafirisha joto, na hata hiyo iridiamu unayoiponda ina kopa ndani vile vile.

#5 Kopa Daima
Sawa mwalimu. Ila nikienda dukani nikasema naomba plagi za nikeli si wataniuliza za pasi au za friji. Mtaani zinaitwa kopa, na Chaser yangu haijawahi kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka. Mwenye iridiamu ndiye aliyeleta uzi.

#6 Mama Filta
Hahaa #5 acha kejeli. Mimi nauza spea huu mwaka wa kumi na moja, naomba niseme kitu. Hakuna aliyeuliza kama hizo plagi ni halisi. NGK na Denso kwa sababu ndizo zinazotakiwa ndizo zinazofekiwa, na feki siku hizi inakuja na boksi zuri kuliko la orijino. Bei ya 35,000 haithibitishi kitu, feki inauzwa bei ya orijino ndiyo faida yake.

Mimi naangalia hivi. Washa ya chini, ile gesketi, ya orijino haitoki ukiizungusha kwa vidole, ya feki inavuka kwenye uzi kama pete ya mtu aliyekonda. Maandishi kwenye kauri yawe makali, yasifutike ukipitisha kucha. Ncha ya iridiamu iwe kama sindano imesimama katikati sawasawa, feki utakuta imeegemea upande mmoja na weldi imevimba. Halafu chukua mita, pima kutoka kichwani mpaka kwenye ncha ya katikati. Plagi yenye herufi R kwenye namba ina resista, inatakiwa isome karibu na kilo-omu 5. Ikisoma sifuri wameandika R bure, hamna kitu ndani.

#7 JZ wa Lamadi
Fundi wa kwanza yuko sahihi, rudi Denso IK20. Ukiangalia namba tu unaona, NGK ni 6 na Denso ni 20, Denso ni ya baridi mara tatu zaidi na gari ya tabo inataka plagi ya baridi.

#8 Kipimo Sahihi
#7 aisee mara tatu! Hizo ni lugha mbili tofauti mkuu. NGK 5 ni Denso 16, NGK 6 ni Denso 20, 7 ni 22, 8 ni 24, 9 ni 27. Sita na ishirini ni kitu kimoja. Hawa Wajapani wote wawili namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Ukienda kwa Bosch au Champion wamegeuza, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto. Nina jirani alibadili kutoka Bosch kwenda NGK akafuata namba bila kujua hilo, gari ikawa inapiga moshi mweusi kila asubuhi, akamlaumu aliyemuuzia wese.

Na baridi hapa si kwamba plagi ina friji. Ni inavyotoa joto kupeleka kwenye kichwa cha injini. Ncha ya kauri ikiwa ndefu joto linakaa, ikiwa fupi joto linakimbia. Chini ya nyuzi 450 hivi plagi haijichomi masizi, inajaa weusi. Ikipita 850 inakuwa kaa la moto, inawasha mafuta kabla ya cheche, na hapo unapoteza pistoni. Kwa hiyo #3 yeye kapandisha busti, 7 inamfaa. #1 gari yake ya kawaida akifunga 7 akazunguka Mkuyuni na Igogo tu atazikuta nyeusi mwezi wa pili. NGK wenyewe wanashauri kwenda hatua moja ya baridi zaidi kwa kila nguvu farasi 75 hadi 100 unazoongeza. #1 umeongeza ngapi?

#9 Sato wa Nyegezi
Nimeongeza stika tu mkuu.

Asanteni wote. Jana jumapili nikajitoa mhanga kuzifungua mwenyewe. Nani alimruhusu mtu kulaza injini ubavu namna hii? Upande mmoja unatoa betri, upande mwingine boksi la filta, halafu unaingiza soketi na ekstenshoni kwenye upenyo ambao mkono wa mtoto ndio ungepita, nimechubuka vidole vitatu. Ya silinda namba 3 ilikuwa imekazwa mpaka nikaogopa, fundi alikuwa ametumia bomba kwenye mpini nilimwona kwa macho yangu nikadhani ndiyo utaalamu.

Nilichokikuta: mbili rangi ya kahawia ya chai ya maziwa, moja nyeusi kavu kama chungu cha mkaa, na moja ina rangi nyekundu-chungwa kama vumbi la barabara ya Magu kabla ya lami. Nikakumbuka pia kitu. Siku anafunga, fundi alisema gepu ni kubwa akaligonga gonga kwenye tofali mpaka likapungua, akapima kwa jicho.

#10 Fundi Boksa
Kwenye TOFALI?

#11 Kipimo Sahihi
Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi 2,446 wakati nikeli ni 1,455, moto wa injini haiisumbui. Tofali linaisumbua. Ile ncha ni ngumu lakini haipindi, inavunjika. Na kauri ikipata ufa mwembamba kama unywele, cheche inapita kwenye ufa badala ya kuruka gepu, tena hasa busti ikiingia kwa sababu njia ya ufa ni rahisi kuliko kuruka kwenye hewa iliyoshindiliwa. Chukua tochi, angalia kauri yote, tafuta mstari mweusi mwembamba. Gepu la iridiamu likibidi kurekebishwa unagusa mkono wa nje tu, pole pole, unapima na fila geji ya waya, hata ile ya sarafu usiipitishe kwenye ncha.

#12 Kopa Daima
Ndiyo maana nawaambia kopa. Kopa ukiigonga kwenye tofali, tofali ndilo linaomba msamaha.

#13 Bundi wa Capripoint
Mnaipita hiyo nyekundu. Rangi hiyo ni dawa ya kuongeza oktani (uwezo wa petroli kutojilipukia ovyo ikishindiliwa), zile chupa ndogo zina chuma au manganizi ndani, ikiungua inaacha vumbi la kutu kwenye kauri, na likizidi linapitisha umeme likipata moto. #1 kiri, unatia chupa?

#14 Sato wa Nyegezi
Natia. Kila nikijaza tenki. Niliambiwa gari ya Japani ya tabo bila ile chupa inakufa.

#15 JZ wa Lamadi
Na ni kweli inakufa. Kule Japani hizi zinakunywa haioku (petroli ya oktani ya juu), viwango vyao vinataka oktani isiyopungua 96, ile ya kawaida yao ni 89. Sasa wewe ujaze tu chochote cha njiani uende 120 na tabo? Bora vumbi jekundu kuliko pistoni yenye tundu.

#16 Bundi wa Capripoint
Sijasema asitie. Nimesema ndiyo rangi. Ila swali langu kwanini iwe nyekundu moja tu na mafuta yanaingia silinda zote nne?

#17 Upepo wa Ziwa
Unyevu wa ziwa huo wakuu, gari za Mwanza zote zinapata kutu. Halafu kuna suala la mwinuko, sisi tuko juu, hewa nyepesi, inabidi tufunge plagi za moto kuliko watu wa Dar.

#18 Kipimo Sahihi
Kutu ndani ya silinda inayowaka mara elfu mbili kwa dakika, huo unyevu una moyo mgumu. Mwinuko nakubali nusu. Ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa imepungua kama asilimia 12 ukilinganisha na pwani, gari isiyo na tabo inalegea kidogo, hiyo kweli. Lakini sensa na kompyuta zinapunguza mafuta zenyewe, siyo zama za kabureta, na tabo inajazia hewa iliyopungua. Hakuna haja ya kubadilisha joto la plagi kwa sababu umehamia Ilemela.

#19 Mzee wa Mwaloni
Vijana mmenikumbusha. Sisi wa mitumbwi tunafunga B7HS kwenye Yamaha zetu, unachanganya petroli na oili, plagi inalowa, unaitoa usiku katikati ya maji unaifuta kwa shati unachoma kwa kiberiti unarudisha, unavuta kamba mashine inaitika. Hatujui iridiamu wala platinamu na dagaa mnakula. Sasa mpwa wangu ana pikapu ya zamani, plagi ikamfia, akaja stoo yangu akachukua B7HS mbili akazifunga, zikaingia vizuri na gari ikawaka. Ikatembea inakohoa wiki nzima, ananiambia mjomba hizi plagi zako za samaki hazina nguvu. Kumbe uzi wa hiyo plagi ni mfupi, milimita 12.7, na gari yake inataka 19. Cheche ilikuwa inawaka shimoni. Masizi yakajaa kwenye uzi uliobaki wazi, kuweka za kwake ikawa kugoma. Ng'wanawane, namba zote zile zina maana.

#20 Mama Filta
Mzee wangu nimecheka mpaka mteja kaniangalia. Plagi za samaki! Na wa bodaboda nao wanakuja na D8EA mkononi wanauliza kama inaingia IST. Baba, hiyo ni milimita 12, itaelea ndani.

#21 Altezza Mwendo Pole
Samahani naingilia, mimi naona alama ya kahawia imezunguka chini ya kauri kwa nje, juu kidogo ya pale inaposhikwa na chuma. Fundi kasema plagi zinavujisha kompresheni ninunue mpya. Ni kweli?

#22 Fundi Boksa
Hapana. Umeme mkubwa unavuta vichembe vya oili vilivyo hewani vinaganda pale kwenye kauri. Ni doa tu, watu wengi wametupa plagi nzima kwa sababu ya hilo doa. Ila ukikuta oili imejaa kwenye shimo la plagi lenyewe hiyo ni sili ya kava, badilisha.

Turudi kwa #1. Ile nyeusi kavu ilikuwa silinda ipi?

#23 Sato wa Nyegezi
Namba 3, ile iliyokazwa na bomba. Nyekundu ni namba 2. Na nimemulika tochi, ya 3 ina kamstari kembamba kweli kwenye kauri ila sijui kama ni ufa au ni uchafu, nikifuta hakatoki.

#24 Kipimo Sahihi
Hiyo ni kesi imeisha.

#25 Fundi Boksa
Haijaisha. Nyeusi kavu inaweza kuwa cheche haipo, na inaweza kuwa mafuta yamezidi. Hamisha koili ya 3 peleka 1, koili ya 1 lete 3, plagi usiguse. Misi ikihamia 1 ni koili, ikibaki 3 ni plagi au nozeli. Hizo ziko upande mmoja hutasumbuka. Na ukirudisha plagi, kaza kwa vidole mpaka iguse, kisha kama ni mpya nusu mzunguko kwa spana, ikiwa imeshatumika ni kuikaza kidogo tu kwa spana. Bila grisi. Kichwa ni cha aluminiamu, mimi nina mteja alikuja na uzi umetoka wote kwenye plagi kama springi, tukaishia kuweka helikoili (uzi mpya wa kuchomeka) na akalia bei.

#26 Turbo Simba wa Igoma
Wote mmekosea. Paipu ya intakula (kipoza hewa ya tabo) inavuja, busti ikiingia hewa iliyokwisha kupimwa inatoka nje, mafuta yanazidi, gari inakata na plagi inakuwa nyeusi. Nimeiona Forester tatu, zote wenyewe walinunua plagi kwanza.

#27 Kopa Daima
Hewa ikitoka inazidisha mafuta kwa silinda zote, swali la #16 kwa ile nyekundu linarudi hapa, kwanini moja tu ndiyo nyeusi?

#28 Turbo Simba wa Igoma
Umeanza lini kutetea iridiamu?

#29 Kopa Daima
Natetea hesabu.

#30 Sato wa Nyegezi
MREJESHO. Wabeja sana wakuu. Nimehamisha koili kama #25 alivyosema, nikaenda kwa jamaa mwenye mashine. Imesoma P0300, anasema maana yake misi haina silinda maalumu, inarandaranda. Nikarudi nilikoanzia. Mama Filta akaniletea PFR6G nne, akazipima na mita mbele yangu, zote kilo-omu 4 na ushee. Nimefunga mwenyewe, nusu mzunguko. Chupa ya oktani nimeacha, nikajaza kituo kingine. Na wakati nafunga nikakuta klampu moja ya paipu ya intakula imelegea, nikaikaza.

Jana nimepanda Bugando na watu wanne ndani, haijakata. Nimeenda mpaka daraja la Kigongo–Busisi, zile kilometa 3 zimenyooka, nimekanyaga kiasi (sitasema ngapi), safi mpaka elfu tano. Ikafika elfu tano na mia tano ikakohoa mara moja. Moja tu. Kurudi haikurudia.

#31 Fundi Boksa
Gepu. Nilisema kwenye #4.

#32 Mama Filta
Zile za kwanza ulizipima na mita? Ziko wapi?

#33 Turbo Simba wa Igoma
Klampu imelegea, jamani, KLAMPU. Mnasoma mrejesho au mnasoma majina yenu?

#34 Bundi wa Capripoint
Ameacha chupa na kubadili kituo pia. Vitu vinne siku moja, hapo hata daktari hajui dawa ipi imetibu.

#35 JZ wa Lamadi
Na hiyo kohozi ya 5,500 ni kwa sababu ameacha chupa. Subirini.

#36 Sato wa Nyegezi
#32 ninazo, nimepima usiku huu. Tatu zinasoma kilo-omu 5. Ile ya silinda 3 haisomi kabisa, mita inakaa tu. Washa zake zote nne hazitoki kwa vidole, kwa hiyo sijui niseme ni feki au ni tofali.

#37 Kipimo Sahihi
Gonga resista kwenye tofali uone.

#38 Mzee wa Mwaloni
Hizo tatu nzima kama huzitaki, mpwa wangu anauliza.

#39 Fundi Boksa
Mzee muulize kwanza pikapu inataka soketi ya ngapi, hizi ni 16.

#40 Altezza Mwendo Pole
Nimesoma yote kuanzia juu. Kwa hiyo mimi ninunue ipi?

#41 Mama Filta
Otomatiki au manyo? Na safari hii nitumie picha ya namba iliyo kwenye plagi, usiniandikie "ya Altezza".